Je, kijiji kinaweza kutunza bonde la mafunjo bila kuwafukuza vijana wanaolilima?

Swali: Mimi ni mjumbe wa halmashauri ya kijiji kilicho kando ya Ziwa Victoria, upande wa Buchosa, Wilaya ya Sengerema. Tumeambiwa timu ya wilaya itakuja baada ya mavuno kutuandalia mpango wa matumizi bora ya ardhi. Tuna bonde la mafunjo linaloingia ziwani, na kilima cha mawe chenye msitu mdogo ambamo wazee hufanyia matambiko. Siku hizi vijana wanachoma mafunjo na kulima nyanya na mpunga. Mwanangu ni mmoja wao. Maji yalipopanda mwaka 2024 alipoteza bustani nzima, na bado alirudi palepale. Wazee wanataka bonde lifungwe. Vijana wanasema hifadhi ni jina jipya la njaa. Kijiji jirani walishaandaliwa mpango, ramani ipo ukutani kwa mtendaji, na mafunjo yao yanazidi kwisha. Sisi tufanyeje yasitukute hayo? Wabeja.

Jibu: Mama mjumbe, wabeja nawe. Umeuliza wakati mzuri, kabla gari la wilaya halijaegesha chini ya mwembe wa ofisi ya kijiji. Likishaegesha, siku za timu zinahesabika na posho zinahesabika, na maswali kama lako hukosa nafasi.

Nianze na hiyo ramani ya jirani zenu, kwa sababu nimewahi kuchora kama hiyo. Miaka ya mwanzo ya kazi yangu nilikuwa katika timu iliyoandaa mpango wa kijiji kimoja upande wa Ghuba ya Speke. Tulifanya mkutano mkuu saa nne asubuhi. Watu walikuja wa kutosha, mikono ikanyooshwa, muhtasari ukaandikwa. Mstari wa eneo la hifadhi tulioupitisha ulikata katikati ya majaruba ya mpunga ya mjane mmoja ambaye hakuwepo mkutanoni. Saa nne asubuhi alikuwa mwaloni anaanika dagaa, kama walivyokuwa wanawake wengi wa kijiji kile. Nilirudi baada ya mwaka mmoja nikakuta alama za mpaka zimeng'olewa. Kijiji kizima kilijua nani kazing'oa na hakuna aliyesema. Nilipopelekwa kuona yale majaruba nilielewa kwa nini walinyamaza: walimwona ana haki, na sisi tulikuwa wageni tuliopita. Tangu siku hiyo naamini kwamba mpango wa ardhi ni mapatano ya watu wanaotumia kipande kimoja kwa namna tofauti, na ramani huja baadaye kuyaweka kumbukumbu. Jirani zenu walipewa kumbukumbu ya mapatano ambayo hawakuyafanya.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni kujua kwamba mamlaka mnayo ninyi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 imeweka usimamizi wa ardhi ya kijiji mikononi mwa halmashauri ya kijiji, na maamuzi makubwa ya kugawa matumizi yanapita kwenye mkutano mkuu, yaani kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi Na. 6 ya mwaka 2007 nayo inaitambua halmashauri ya kijiji kuwa ndiyo mamlaka ya kupanga. Afisa ardhi, afisa misitu, afisa mifugo na afisa maendeleo ya jamii wanaokuja na timu ya wilaya ni wawezeshaji. Watakusaidieni kupima, kuchora na kuandika. Hawana mamlaka ya kuamua bonde lenu liwe nini, na waungwana wao watakuambieni hivyo wenyewe.

Mkutano mkuu uitishwe lini? Hapa msiige kalenda ya ofisi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, na mbalamwezi inapokuwa kubwa mitumbwi hupumzika. Siku hizo ndizo wavuvi wapo nyumbani na chanja za dagaa ni tupu. Pangeni mikutano yenu mikubwa siku za mbalamwezi, alasiri. Mtaona sura ambazo hamjawahi kuziona kwenye mkutano wa kijiji, na wengi watakuwa wanawake.

Kabla timu haijafika, fanyeni kazi moja ambayo haihitaji fedha. Kaeni kitongoji kwa kitongoji, mwandike nani anatumia bonde, anafanya nini, na mwezi gani. Msiandike "wananchi". Andikeni mwenye majaruba, mwenye bustani ya nyanya, mama anayekata mafunjo ya majamvi, mwenye ng'ombe anayewashusha kiangazi malisho yakikauka juu, mvuvi wa ndoana anayetafuta kamongo na kambare, watoto wanaochota maji, mganga anayechimba dawa, wavuvi wa kambi wanaokuja na kuondoka. Kisha mbele ya kila mmoja wekeni miezi yake. Mtashangaa jinsi ugomvi mwingi ulivyo wa msimu tu. Mwenye ng'ombe na mwenye mpunga, kwa mfano, wanagongana wiki chache kabla ya mavuno. Baada ya hapo ng'ombe wanakaribishwa kula mabua, na samadi wanayoacha ni faida ya shamba. Ugomvi wa wiki chache mnaweza kuupangia utaratibu bila kumfukuza mtu.

Sasa nizungumze kuhusu bonde lenyewe, maana hapa ndipo wazee na vijana wote wanahitaji hoja zaidi ya "ni la asili" na "ni letu".

Mafunjo ni chujio. Mvua ikinyesha juu, maji yanashuka na udongo, mbolea na samadi. Yakipita katikati ya mafunjo yanapunguza kasi, tope linatua, na mafunjo yanakunywa ile rutuba. Bonde likilimwa hadi ukingoni, rutuba ile ile inaingia ziwani moja kwa moja na kulisha mwani na magugu maji. Wenye umri wetu tunakumbuka magugu maji yalivyoziba mialo miaka ya 1990, mitumbwi ikashindwa kutoka. Mbegu yake bado ipo ziwani inasubiri chakula.

Lakini kuna jambo ambalo watu wachache wanalijua, nami nakuomba ulipeleke mkutanoni. Ziwa hili lilikuwa na aina zaidi ya 500 za furu, wale samaki wadogo. Sangara alipandikizwa miaka ya 1950, akaongezeka mno miaka ya 1980, na inakadiriwa aina zipatazo 200 za furu zilitoweka. Waliobaki walijificha wapi? Sehemu mbili hasa. Moja ni ndani ya maji ya mafunjo na matete, ambako hewa ni kidogo. Sangara hawezi kuishi kwenye maji yenye hewa kidogo. Baadhi ya furu wanaweza, na kambare na kamongo wanaweza zaidi kwa kuwa wanavuta hewa ya juu. Bonde lenu kwa hiyo ni ngome. Sehemu ya pili ni kwenye miamba, kama mawe yanayoingia majini kila mahali ukanda huu wa Mwanza. Kuna furu wa miamba, dume lake jekundu, ambaye wanasayansi wamempa jina la Mwalimu Nyerere. Anaishi jirani na ndugu yake wa karibu sana ambaye dume lake ni la bluu. Majike huwatofautisha madume kwa rangi. Watafiti waliofanya kazi katika Ghuba ya Mwanza waligundua kwamba maji yanapochafuka kwa tope na mwani, rangi hazionekani vizuri, majike wanashindwa kuchagua, na aina mbili zinaanza kuchanganyika kuwa moja.

Tazama mnyororo huo, mama. Mtu analima mteremko bila makinga maji, mwingine anachoma mafunjo yaliyokuwa yanazuia tope, na samaki ambaye hawajawahi kumwona anapotea kwa kukosa mwanga. Hakuna aliyevua kupita kiasi, hakuna aliyetumia wavu wa kokoro. Aina imepotea kwa sababu ya shamba. Ndiyo maana nasema mpango wa ardhi wa kijiji cha ziwani ni mpango wa ziwa pia, na ndiyo maana viongozi wa BMU, kile kikundi cha kusimamia uvuvi mwaloni, lazima wakae kwenye meza hiyo tangu siku ya kwanza. Mara nyingi wanasahauliwa kwa kuwa "wao ni watu wa majini". Wavuvi ndio wanaojua mazalia yako wapi na maji yamebadilika rangi tangu lini.

Mafunjo yana wakazi wengine. Yupo ndege mwenye kifua chekundu na utosi wa njano ambaye haishi mahali pengine isipokuwa ndani ya mafunjo. Mafunjo yakienda, naye anakwenda, hana pa kuhamia. Wapo fisi maji, kenge, mnandi. Sitawaorodhesha wote. Waulizeni wazee wenu ni wanyama gani walikuwepo bondeni walipokuwa wachungaji, na gani hawajawaona siku nyingi. Orodha hiyo ya majina ya Kizinza, Kikerewe na Kisukuma iingizwe kwenye taarifa ya tathmini. Nimeona timu zikinakili orodha ya wanyama kutoka taarifa ya wilaya nyingine. Ya kwenu itakuwa ya kwenu.

Je, sasa bonde lifungwe? Hapa sikubaliani na wazee wenu, kwa heshima zote. Bonde lililofungwa lote, lenye watu wenye njaa pembeni, litachomwa usiku. Nashauri ligawanywe kufuatana na maji yenyewe.

Ukingo unaogusana na ziwa uachwe kabisa: hakuna kuchoma, kuchimba wala kulima. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu na zile zinazoweza kuharibu ufukwe ndani ya mita 60 kutoka ziwa au ukingo wa mto, kwa hiyo hapa hamjitungii jambo geni. Tatizo ni kwamba ziwa letu linatembea. Baada ya mvua kubwa za mwaka 1961, zile wazee wanazozikumbuka kama mvua za Uhuru, maji yalipanda zaidi ya mita mbili katika miaka michache. Mwaka 2006 yalishuka hadi mitumbwi ikakaa kwenye tope. Mwaka 2020 yakapanda tena yakameza nyumba na mialo, na 2024 vivyo hivyo. Mkipima mita 60 kutoka yalipo maji siku ambayo timu imekuja, na siku hiyo ikawa ya kiangazi, mtakuwa mmechora mstari ndani ya ziwa la kesho. Ushauri wangu: anzieni pale maji yalipofika mwaka 2020 au 2024, popote palipo juu zaidi. Watu wanapajua. Kuna mti uliokufa, kuna ukuta wenye alama, kuna jiko lililohamishwa.

Sehemu ya kati, ambapo mafunjo yanasimama kwenye maji ya kifundo cha mguu, iwe ya kuvuna kwa zamu. Mafunjo yakikatwa kwa panga juu ya maji huchipua tena kutoka kwenye shina lake la chini. Yakichomwa wakati wa ukame na mizizi ikang'olewa, hayarudi. Gawanyeni sehemu hiyo vipande, kimoja kikatwe msimu huu, vingine vipumzike. Wasukuma hawahitaji kufundishwa jambo hili, maana ndiyo ngitili yenyewe. Babu zetu walifunga malisho mwanzo wa masika ili kiangazi kikali kisiwaue ng'ombe, na kila mtu alijua yanafunguliwa lini. Jirani zetu wa Shinyanga walipotaka kurudisha nchi yao iliyokuwa imegeuka jangwa, serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga mwaka 1986. Ngitili zilizokuwa zimebaki wakati huo zilikadiriwa kuwa hekta 600 hivi. Mradi ulipofika mwisho mwaka 2004 zilikuwa zimepita hekta 300,000. Miche ya kitalu ilichangia kidogo kwenye hesabu hiyo. Sehemu kubwa ilifungwa na watu wenyewe, ikaota yenyewe, ikalindwa na sungusungu, na aliyevunja zamu alihukumiwa na dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, mbele ya watu wanaomjua mama yake. Nawe unajua aibu hiyo inavyouma kuliko faini ya mahakamani. Tena ngitili haikufungwa daima. Ilitoa nyasi, kuni, dawa, fito na asali. Watu walilinda kwa sababu walikuwa wanakula humo.

Sehemu ya juu, ambapo bonde linaanza kukauka, iwe ya majaruba na bustani, kwa masharti. Msisubiri mtaalamu wa udongo awaambie mpaka uko wapi. Mzee anayejua aina za udongo, luseni, itogolo na mbuga, kwa kukanyaga tu ataonyesha mahali mpunga unapokaa na mahali mahindi yanapofia, na mimi nimemwona mzee wa namna hiyo akimrekebisha mtu mwenye shahada, naye akakubali. Masharti yawe machache yanayoonekana kwa macho: tuta lililopandwa majani upande wa chini wa kila shamba, bomba la kupulizia dawa lisisafishwe mtoni wala ziwani, na ng'ombe wanyweshwe kwenye birika lililojengwa juu, wasishuke kukanyaga ukingo.

Hapo tunafika kwa vijana, na hapa naomba halmashauri yenu iwe na ujasiri. Vijana wanalima ndani ya mafunjo kwa sababu mbili za kweli: maji yapo karibu, na ile ni ardhi pekee ambayo hakuna mjomba anayesema ni yake. Mkiwaondoa bila kujibu sababu hizo mbili, mmewaondoa kwa muda tu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji inataka ardhi ya kijiji iwe na mafungu matatu: ya pamoja, ya watu na familia, na ya akiba kwa ajili ya baadaye. Kama akiba ipo, vijana walioko bondeni wawe wa kwanza kupewa. Kama haipo, na vijiji vingi vya ziwani haipo tena, basi waiteni wenye maeneo makubwa yasiyolimwa, wakodishe kwa maandishi mbele ya halmashauri ya kijiji, kwa miaka kadhaa, siyo kwa msimu mmoja. Kijana asiyejua kama mwakani atakuwepo hapandi majani ya kuzuia udongo. Kuhusu maji, pampu na mpira wa kuvuta hadi juu ni gharama ambayo kijana mmoja haiwezi, lakini kikundi kinaweza. Halmashauri za wilaya zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo, asilimia 4 kati ya hizo ikiwa ya vijana na 4 ya wanawake. Afisa maendeleo ya jamii atakuwa kwenye ile timu. Mwambieni aje na fomu. Ila kwa kuvuta maji mengi ya umwagiliaji mtahitaji kibali cha Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, ofisi yao iko Mwanza. Ombeni kwa jina la kikundi.

Wale ambao tayari wana mazao ndani ya ukingo unaofungwa wavune kwanza. Mwekeeni kila mmoja tarehe iliyoandikwa, na siku hiyo hiyo aonyeshwe eneo lake jipya. Mkianza na tarehe bila eneo, maneno ya njaa yatakuwa ya kweli.

Kuna mtu atasema mkutanoni kwamba watu wamekuwa wengi mno, hifadhi haiwezekani tena. Mwambieni avuke kwenda Ukara. Kisiwa kile kimebanana watu tangu enzi za mababu, na Wakara walijibu kwa kufunga ng'ombe bandani, kukusanya samadi, kubadilisha mazao na kuhesabu miti kama mali, kila mti na mwenyewe. Wanabanana, na wanapanda.

Kuhusu kilima cha mawe sina mengi. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutangaza msitu wake wa hifadhi na kuusimamia, na miiko ya wazee inaweza kuandikwa kuwa kanuni za msitu huo, pamoja na haki yao ya kuingia kutambika. Jihadharini na wapasua kokoto. Mji wa Mwanza unajengwa, mawe yanatafutwa kila mahali, na kilima kikianza kuliwa pembeni hakiponi. Amueni sasa ni jiwe lipi la kupasua na lipi halipasuliwi. Na mikaratusi isipandwe chini yake karibu na chemchemi.

Mstari wenyewe uchorwe kwa miguu. Siku timu ikija na mashine za kupimia, tembeeni wote: wazee, vijana, wanawake wa mafunjo, BMU, wafugaji, na wajumbe wa kijiji jirani. Kila mnapokubaliana, pandeni alama hapo hapo. Bikoni za zege ni nzuri lakini zinang'oka na zinauzwa nondo zake. Minyaa na mkonge hazing'olewi kwa siri, na Usukuma mzima unajua zinamaanisha nini. Mwaka wa pili mstari wa minyaa utauona hata ukiwa ziwani.

Nimewataja jirani kwa makusudi. Bonde haliishii kwenye mpaka wenu. Kama mto unaoingia humo unatokea kwao, tope lao ni lenu. Sheria ya mwaka 1999 inaviruhusu vijiji kuingia makubaliano ya kutumia na kusimamia ardhi kwa pamoja. Mpango wao uliokwama ukutani unaweza kufufuka kwa kuunganishwa na wenu, na nadhani watafurahi kuombwa.

Baada ya hapo ndipo panapovunja moyo. Utaratibu wa Tume ya Taifa ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi una hatua sita, kuanzia maandalizi ya wilaya, tathmini shirikishi, ramani ya hali ilivyo, mpango wenyewe, kisha utawala wa ardhi wenye masjala na hati za hakimiliki za kimila, na mwisho usimamizi. Vijiji vingi huishia hatua ya nne, mpango unapopitishwa, kwa sababu fedha ya mradi inaishia hapo. Ulizeni mapema, mbele ya mkutano: hatua ya tano na ya sita zitafanywa na nani, lini? Hati za kimila zikitolewa, zianze na mashamba yanayopakana na bonde, na za wanawake ziandikwe kwa majina yao. Mila inayomnyima mwanamke ardhi haina nguvu mbele ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji. Yule mjane wa Speke angekuwa na hati, mstari wetu ungesimama mlangoni kwake na kubisha hodi.

Sheria ndogo ziwe fupi, ziandikwe kwa Kiswahili ambacho mtu akisomewa mara moja anakikumbuka. Halmashauri ya kijiji inazipendekeza, mkutano mkuu unazijadili, halmashauri ya wilaya inaziidhinisha. Msiache rasimu ikalale wilayani. Mtumeni diwani aifuate kila kikao cha baraza. Faini ianze ndogo na kupanda kwa anayerudia, na fedha yake isomwe hadharani kila mkutano mkuu, ambao kisheria ni kila miezi mitatu: imepatikana kiasi gani, imefanya nini. Mara faini ikianza kupotea mfukoni mwa mtu, ulinzi wa bonde umekwisha. Kamati ya usimamizi wa matumizi ya ardhi nayo ipite kwenye mstari kila mwanzo wa masika na kila mwanzo wa kiangazi, na taarifa yake iwe ya mdomo, wazi, pale mkutanoni.

La mwisho ni mwanao. Najua ndilo lililokuwa zito zaidi kwenye barua yako, ingawa umeliandika kwa sentensi mbili. Litaje wewe mwenyewe mkutanoni kabla hajalitaja mwingine: sema mwanangu analima bondeni, na suala la eneo lake likijadiliwa nitakaa kando. Watu wa kijijini wanasamehe mengi isipokuwa kufichwa. Lakini usimfiche yeye pia. Mpendekezeni aingie kwenye ile kamati pamoja na kijana mwingine wa bustani. Na siku ya kutembea na mashine ya kupimia, timu ikiuliza maji yalifika wapi mwaka 2024, wazee wataonyesha kwa mkono, huku na kule. Yeye anaweza kwenda na kusimama kwenye tuta la mwisho ambalo nyanya zake zilizama. Pimeni kuanzia hapo.